Kibaoni inahitaji ubao unaostahimili umeme kukatika

Jina Kibaoni halihitaji kamusi: ni mahali penye kibao. Tanzania ina Kibaoni nyingi. Hii ya Mkoa wa Katavi, katika Halmashauri ya Mpimbwe, ipo kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, kabla msafiri hajaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuwakuta viboko wa Sitalike. Ndiko nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Wazee wa huko walizoea kuandika anwani zao kwa jina la Rukwa, mpaka mwaka 2012 Katavi ilipokatwa ikawa mkoa.

Kama ilivyo katika vijiji vingine vya Tanzania Bara, ofisi ya kijiji inatarajiwa kuwa na ubao wa matangazo. Hapo hubandikwa taarifa ya mapato na matumizi, tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, majina ya waliochaguliwa kuingia sekondari, na tangazo la ng'ombe aliyepotea. Ubao wa karatasi una heshima yake. Kilichobandikwa Jumatatu, Ijumaa bado kipo, na anayerudi kutoka shamba anakisoma kwa wakati wake bila kumsumbua mtu. Kasoro yake ni mvua, upepo, ufinyu wa nafasi, na kwamba karatasi ikibanduliwa, kilichoandikwa kimekwenda.

Siku hizi kazi ya ubao huo imechukuliwa na makundi ya WhatsApp, na hapo ndipo hasara ilipoanza. Ujumbe wa saa mbili asubuhi kuhusu mbegu unafunikwa saa nne na salamu, picha za harusi na rambirambi. Mkulima wa mpunga wa Majimoto, humohumo Mpimbwe, akitaka kujua wanunuzi walitoa bei gani kwa gunia mwezi Juni mwaka jana, itambidi aperuzi mpaka kidole kichoke, kama simu yenyewe haijaibwa au kujaa. Aliyejiunga jana kwa kawaida haoni kilichosemwa juzi. Msichana anayeuliza swali la afya ya uzazi analiuliza mbele ya watu mia mbili wanaoona namba yake. Kijiji kinaongea sana, na hakibaki na chochote cha kusoma.

Dawa ipo, tena ni ya zamani: ubao wa matangazo ndani ya kompyuta. Kompyuta moja ya kawaida, ya nyumbani au ile ya stesheneri inayochapa barua za maombi ya kazi na kutoa picha za pasipoti, inaweza kubeba ubao mzima wa kata. Watu wanausoma kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya hapohapo, bila bando, wakiwa wamekaa barazani. Kompyuta yenyewe si kikwazo, kwa kuwa mashine zilizotumika zinapatikana. Mahali watu wanapokosea ni katika kuchagua programu. Wanauliza ipi ni ya kisasa, ipi ina sura ya kupendeza, ipi inatumiwa Ulaya. Swali la kuanzia lingekuwa: laini yetu ikoje, umeme wetu ukoje, na nani atakuwa anautunza ubao huu miaka mitatu ijayo?

Afrika Mashariki iliwahi kuuliza maswali hayo kwa usahihi, na majibu yake yakaleta barua pepe katika nchi hizi kabla intaneti haijafika.

Mbao za kompyuta zilizaliwa kutokana na ubao wa karatasi hasa. Januari 1978 theluji nzito iliufunga mji wa Chicago. Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta, waliutumia muda huo kuhamishia ubao wa klabu yao ndani ya mashine. Christensen aliandika programu, Suess akaunga vifaa, na tarehe 16 Februari ubao ukaanza kupokea simu. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo aliingia mtu mmoja kwa wakati. Akimaliza alikata, mwingine akapiga. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu aliyoiita Fido, na mbao zikaanza kupigiana simu zenyewe usiku, wakati gharama zimeshuka, zikibadilishana barua. Ubao uliopokea barua isiyo yake uliihifadhi, kisha ukaipeleka mbele zamu yake ilipofika. Katikati ya miaka ya 1990 mtandao huo, FidoNet, ulikuwa na mbao zaidi ya 30,000 duniani, na Afrika ilipewa kanda yake, kanda namba 5.

Tanzania iliingia safari hiyo ikiwa na mzigo mgongoni. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuleta vurugu na gharama. Amri hiyo ililegezwa taratibu, lakini miaka mingi ilipita kompyuta ya nyumbani ikiwa kitu cha kusikia tu. Simu nazo zilikuwa chache. Kampuni ya simu ya TTCL yenyewe ilizaliwa mwaka 1994, shirika la zamani la posta na simu lilipogawanywa, na ilirithi laini zenye mkwaruzo na foleni ndefu ya wateja wanaosubiri kuunganishwa.

Katika mazingira hayo, watu wa vyuo vikuu, hospitali na mashirika walilazimika kuchagua. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Jijini Nairobi mtandao wa NGONET ulihudumia mashirika ya mazingira na maendeleo. Madaktari walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown. Shirika hilo lilitumia hata setilaiti ndogo, UoSAT-3, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa Januari 1990. Setilaiti hiyo ilipokea barua ilipopita juu ya kituo kimoja na kuzishusha ilipopita juu ya kingine. Njia za kitajiri zilikuwepo, kama vile laini za kukodi zinazobaki wazi mchana na usiku, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo. Walichagua programu za Fido.

Sababu zao ziandikwe upya leo, maana zina uzito uleule. Kwanza, programu hizo zilikaa kwenye kompyuta ndogo ya kawaida yenye mfumo wa DOS. Hakuna aliyehitaji mashine ya chumba kizima wala mtaalamu wa kulipwa kwa dola. Pili, hazikudai laini iwe wazi muda wote. Zilikusanya barua, zikazibana ziwe ndogo, zikasubiri saa ya kupiga, zikazituma kwa mkupuo na kukata simu. Huko London shirika la GreenNet lilikuwa daraja la kuzipokea na kuzisambaza duniani. Tatu, zilijua kuvumilia. Itifaki ya ZMODEM, aliyoiandika Chuck Forsberg mwaka 1986, ilikuwa na uwezo wa kuendelea pale ilipokatikia. Faili likikatika robo tatu ya safari, simu ya pili inaleta robo iliyobaki tu. Aliyewahi kupakua faili kubwa kwa mtandao unaokatika, akarudishwa mwanzo mara tano, anaelewa thamani ya jambo hilo.

Hesabu yake inaonekana kwa urahisi. Modemu ya kasi ya 2400 ilipitisha herufi kama 240 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 ulipita kwa sekunde 8 au 9, na ukiwa umebanwa ulipita kwa muda mfupi zaidi. Simu ya dakika tano ya kwenda nje ilibeba barua za ofisi nzima. Kwa mizani hiyo, maandishi ni mzigo mwepesi kuliko vyote tunavyosafirisha kwa mtandao, na kijiji kinachotaka kumbukumbu zake kingeanza na maandishi.

Turudi Kibaoni. Tuseme watu wa kata wanaandika matangazo na majibu 50 kwa siku, kila moja likiwa na herufi 500. Hizo ni herufi 25,000 kwa siku, takriban milioni 9 kwa mwaka, yaani kama megabaiti 9. Hata programu ikizidisha mara tatu kwa ajili ya faharasa na kumbukumbu zake za ndani, miaka kumi ya mazungumzo ya kata inaenea kwenye flashi ndogo inayouzwa duka la simu. Anayesema kijiji kinahitaji seva ya mamilioni hajapiga hesabu hiyo.

Sasa programu zenyewe. Discourse, iliyoanza mwaka 2013, ndiyo inayosifiwa zaidi leo, na kwa kampuni yenye intaneti ya uhakika sifa hizo ni halali. Lakini inataka kumbukumbu ya gigabaiti moja au mbili kwa ajili yake peke yake, na kurasa zake zinaitegemea simu ya msomaji kufanya kazi kubwa. Simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo simu ya wengi huko mashambani, inahangaika nayo. Kuichagua kwa Kibaoni ni kuwafungia mlango watu walewale ambao ubao umewekwa kwa ajili yao.

Synchronet ni mkongwe wa enzi za modemu ambaye bado anatunzwa, na mpaka leo anaweza kuzungumza na FidoNet. Fundi kijana wa Mpanda anayetaka kujua mbao hizi zilivyofanya kazi atajifunza mengi kwake. Kwa matumizi ya kata, programu hiyo ina vyumba vingi mno. Mkulima anahitaji kusoma, kuandika na kutafuta. Zaidi ya hapo ni kumchosha.

Inayofaa ni ya kundi la kati: programu nyepesi, ya bure, iliyozeeka vizuri, kama phpBB iliyotoka mwaka 2000. Kurasa zake ni maandishi na viungo, zinafunguka hata kwenye kivinjari kidogo. Maneno yote anayoyaona msomaji yamewekwa kwenye mafaili ya kawaida, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na wanafunzi wake wanaweza kukaa wiki moja wakaugeuza ubao mzima uwe Kiswahili chao. Ina foleni ya kukagua ujumbe wa mgeni kabla haujaonekana. Na inaweza kuhifadhi mazungumzo yote kwa SQLite, yaani ndani ya faili moja linalonakiliwa kama wimbo.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Programu yoyote ya ubao itakufa siku moja, na mtu anayeichagua anachagua pia namna atakavyoihama. JamiiForums, jukwaa la mijadala la Kitanzania, ni shahidi mzuri. Maxence Melo na Mike Mushi waliianzisha mwaka 2006 kwa jina la JamboForums. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwa programu ya vBulletin, baadaye ikahamia ya XenForo. Mada za miaka ya mwanzo zilihama nayo, na hoja za wakati ule zimehifadhiwa pamoja na majibu yake. Nyumba ilibadilishwa, vyombo vikahamishwa salama. Kundi la WhatsApp halina njia ya heshima ya kuhama hivyo.

Umeme unahitaji aya yake. Kwa miaka mingi Mpanda iliwaka kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na watu wa huko hawahitaji kuelezwa umeme kukatika maana yake nini. Kinachoua mbao ndogo ni kukatika kwa ghafla katikati ya kuandika, kuliko giza lenyewe. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi inakula umeme kidogo sana, wati chache tu, na betri ya sola inaibeba usiku kucha, ila kadi yake ya kumbukumbu huharibika kwa urahisi inapozimika vibaya mara kwa mara. Kwa sababu hiyo kompyuta mpakato iliyotumika, yenye betri inayoshika chaji walau nusu saa, inafaa zaidi. Umeme ukikatika haishtuki, na mtunzaji anapata muda wa kuizima kistaarabu. Kompyuta ya mezani ya stesheneri isiyo na betri ya akiba ndiyo ya mwisho kufikiriwa, hata kama ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Kuna watakaosema haya ni mawazo ya mezani. Kaskazini mwa Uganda yalifanyika. Kuanzia mwaka 2007 mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu uliweka kompyuta zinazokula umeme kidogo na kutumia sola katika kambi za watu waliokimbia vita, ukaziunganisha kwa mtandao wao wa ndani ili kambi ziandikiane. Hapa nchini, Kondoa mkoani Dodoma iliwekewa mtandao wa jamii kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika sehemu zote mbili kifaa kilitafutiwa watu wa kukitunza. Mradi usio na mtu mwenye jina na zamu yake ungekuwa umeoza mapema.

Mtunzaji ana kazi nyingine ngumu kuliko umeme. Mwezi Januari 2008, Kenya ikiwa inawaka baada ya uchaguzi, mwanzilishi wa ubao maarufu wa Mashada, David Kobia, aliyafunga majukwaa yake kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamewashinda wasimamizi. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana na wa kuumiza. Kijiji chenye wakulima na wafugaji wanaogombea njia za mifugo kinaweza kuwashwa na ujumbe mmoja. Programu isiyompa msimamizi uwezo wa kuzuia, kuonya na kufunga mada moja bila kuzima ubao wote isichaguliwe, hata ikiwa nyepesi kama unyoya.

Sheria nayo ipo, na haifai kupuuzwa. Juni 2018 JamiiForums ilizimwa kwa muda kutokana na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka huo zilizodai leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya majina na namba za watu. Kata inayotaka ubao ingekwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuuliza kwa maandishi kabla ya kuwasha mashine. Ingechagua pia programu inayomruhusu mtu kuandika kwa jina la kubuni, namba yake ya simu ikiwa haijaombwa kabisa. Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuvuja.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote inatoka kwa wanakijiji wenyewe: watu wote wako WhatsApp, nani atakwenda kusoma ubao? Ni kweli, na hakuna sababu ya kushindana nayo. Kundi libaki kuwa kengele ya kuwaita watu. Afisa mtendaji aandike mstari mmoja kwenye kundi, kwamba bei za mpunga za wiki zimewekwa ubaoni, na bei zenyewe zikae ubaoni, chini ya mada yenye jina la zao na mwaka. Mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) aweke hapo tarehe za mbolea ya ruzuku na maswali yaliyokwisha kujibiwa. Mganga wa zahanati ajibu hapo maswali yasiyo na majina. Baada ya misimu miwili, kijana atakayeuliza jambo lililokwisha kuulizwa ataelekezwa kulisoma, na mwalimu wa jiografia atakuwa na rekodi ya mvua na bei iliyoandikwa na watu wa kata yenyewe.

Kabla ya kuamua, wachaguzi wafanye jaribio moja la mchana mmoja. Waweke programu kwenye mpakato, waandike matangazo ishirini, kisha wachomoe waya wa umeme katikati ya tangazo la ishirini na moja na kuiacha betri iishe. Wairudishe chaji, waiwashe, wahesabu matangazo yaliyobaki. Halafu wanakili ubao wote kwenye flashi, wampe bodaboda aupeleke Usevya, humohumo Mpimbwe, na mtu mwingine ambaye hakuwepo asubuhi ajaribu kuufungua kwenye kompyuta ya huko kwa kusoma maelekezo ya ukurasa mmoja. Programu inayofunguka Usevya kabla ya jua kuzama ndiyo ya kuchukua. Jaribio lenyewe lifanyike Septemba au Oktoba, mvua hazijaanza, watu hawajaingia shambani.